KISHIKWAMBI: KAZI ITANGULIE, MAONGEZI YAFUATE

Yako maswali ambayo watu wengi huyadharau wakidhani ni ya mafundi tu, kumbe ndani yake mna jambo linalogusa mfuko na jasho la kila mfanyakazi. Mojawapo ni hili: ile kompyuta bapa ya mkononi ambayo tumekwisha kuizoea kwa jina la kishikwambi, je, yapasa itengenezwe kwanza kwa ajili ya programu za kazi, yaani daftari la hesabu, kalenda, barua na kumbukumbu, au kwanza kwa ajili ya programu za kupigiana simu na kuonana nyuso kwa njia ya intaneti? Wapo wanaojibu upesi kwamba swali hili limepitwa na wakati, maana kishikwambi cha leo hubeba yote mawili. Sisi hatukubali. Kubeba yote ni jambo moja. Lipi limetangulizwa, lipi linalipiwa na nani, na lipi laendelea kufanya kazi mtandao ukikatika, ni jambo jingine kabisa.

Habari hii ina historia yake, nayo yafaa ielezwe. Mwezi wa Mei 2005 kampuni ya Nokia ya Finland ilitangaza chombo kilichoitwa Nokia 770, ambacho wenyewe walikinadi kuwa kishikwambi cha intaneti. Kilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka ule kwa dola zipatazo 350. Kioo chake kilikuwa cha inchi nne na kidogo, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi megabaiti 64 tu, na intaneti ilikipata kwa waifai au kwa kuazima kupitia simu ya mwenye nacho. Mambo mawili yalistaajabisha. La kwanza, kampuni iliyokuwa ya kwanza duniani kwa kuuza simu za mkononi ilitoa chombo kisicho na simu ndani yake. La pili, chombo hicho kilichofanana kabisa na daftari la mfukoni la karani hakikuwa na kalenda.

Msomaji asifikiri kwamba kalenda ni jambo dogo. Tangu mwaka 1996 mashine ndogo za Palm zilikuwa zimewazoesha watu wa maofisini kubeba mkononi mambo manne, kila moja na kitufe chake: kalenda ya miadi, kitabu cha anwani, orodha ya kazi za kufanywa, na karatasi ya kumbukumbu. Basi walioinunua Nokia 770 wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja likadai mambo yale manne ya Palm; kundi la pili likadai Skype, programu iliyotokea Agosti 2003 na kuwawezesha watu kuzungumza toka pembe moja ya dunia hata nyingine bila ya kulipia dakika.

Nani alisikilizwa? Mwaka 2006 Nokia ilitoa toleo jipya la programu ya kuendeshea chombo kile, nalo likaja na uwezo wa kuzungumza kwa Google Talk. Januari 2007 ukatokea mtindo wa pili, N800, wenye kamera ya kuonyesha uso wa mzungumzaji. Na Julai mwaka ule ule Skype ikawasili. Ama kuhusu kalenda na daftari la hesabu, hayo yaliletwa na watu wa kujitolea, waliozichukua programu huria za Linux, kama vile kalenda ya GPE na daftari la hesabu la Gnumeric, wakazikata na kuzishona upya ziingie katika kile kioo kidogo. Maongezi yalihudumiwa na kampuni. Kazi ikaachiwa wahisani. Mtindo wa tatu, N810 wa Oktoba 2007, ulikuja na kibodi ya kuteleza, na mwisho N900 ya mwaka 2009 ikatiwa simu ya kawaida ndani yake. Mwaka 2014 biashara nzima ya simu za Nokia ilikuwa imekwisha kununuliwa na Microsoft. Hatusemi kwamba nyumba ile ilianguka kwa sababu ya kalenda. Hayo yangekuwa porojo. Twasema tu kwamba kwa miaka minne kampuni yenye mafundi hodari haikupata kuamua chombo chake ni cha nini.

Na kwa nini basi kisiwe na simu tangu mwanzo? Sisi twasoma hivi: mteja mkubwa wa Nokia hakuwa wewe wala mimi, bali kampuni za simu, ambazo huishi kwa kuuza dakika. Kutoa chombo chenye laini ya simu na Skype pamoja kulikuwa ni sawa na muuza maji kumchimbia kisima mteja wake. Ushahidi wa mawazo ya namna hii tuliuona Marekani: Skype ilipoingia katika simu za iPhone mwaka 2009, iliruhusiwa kwa waifai peke yake, hata mwezi wa Oktoba mwaka ule ndipo kampuni ya AT&T ilipokubali simu za intaneti zipite katika mtandao wake wenyewe. Chombo kilikuwa na uwezo ule siku zote. Kilichokosekana ni ruhusa ya mwenye mlango.

Ndugu wanachama, hapa ndipo palipo kiini cha shauri lenyewe. Simu ya intaneti, hata iwe bure, hupita katika mlango wa mtu mwingine, naye mwenye mlango aweza kuufunga. Nchini Morocco kampuni zote tatu za simu ziliufunga Januari 2016, na watu wakakaa hivyo hata karibu na mwisho wa mwaka. Uganda, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atakayefungua WhatsApp na mitandao mingine ya namna hiyo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu Skype ilizimwa mwanzoni mwa mwaka 2018, na aliyetaka kuzungumza kwa intaneti akaelekezwa kwenye programu zilizoidhinishwa, kwa malipo ya dirhamu 50 kila mwezi. Ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hufanya kazi katika nchi zile za Ghuba, wengi wao majumbani mwa watu. Kwa binti aliye Dubai, kusikia sauti ya mama yake si anasa, wala hatumdhihaki mtu anayeliona hilo kuwa la kwanza kabisa. Lakini na tumwulize: ilipozimwa, alibakiwa na nini mkononi? Alibakiwa na kioo.

Tena mwenye mlango si serikali wala kampuni ya simu peke yake. Skype yenyewe, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, ilifungwa na mwenyewe tarehe 5 Mei 2025. Watu waliokuwa na miaka ishirini ya majina na mazoea humo waliambiwa wahamie katika programu nyingine ya kampuni ile ile. Kwa upande wa pili, jedwali la hesabu lililoandikwa katika Gnumeric siku zile za Nokia 770, kama mwenyewe alilitunza, lafunguka leo hii katika kompyuta yo yote yenye programu hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa na tuwatendee haki wale wa upande wa kazi, maana nao wamekosea, tena makosa ya gharama. Aprili 2011 kampuni ya Kanada iliyotengeneza simu za BlackBerry ilitoa kishikwambi chake, PlayBook, ikakinadi kuwa ni chombo cha watu wa kazi. Wanunuzi walipokifungua hawakukuta programu yake ya barua pepe, wala kalenda, wala kitabu cha anwani. Ilimpasa mtu kwanza awe na simu ya BlackBerry, aiunganishe na kishikwambi, ndipo barua zake azione katika kioo kikubwa. Yaani umeuziwa meza ya ofisi, lakini droo zake ziko katika meza nyingine ambayo nayo ni sharti uinunue kwa fundi yule yule! Barua na kalenda vilikuja Februari 2012, na kabla ya hapo, Desemba 2011, kampuni ilikuwa imekiri katika hesabu zake hasara ya dola milioni 485 kwa PlayBook zilizododa.

Kampuni ya Cisco nayo ilijaribu kuoa pande zote mbili. Ilitangaza Juni 2010 kishikwambi kiitwacho Cius, cha maofisini, chenye simu za kuonana nyuso, na kitako cha mezani chenye mkono wa simu ya kizamani. Mei 2012 ikaacha kukiendeleza. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuanza kuingia kazini na vishikwambi walivyonunua wenyewe madukani.

Navyo vingi vilikuwa iPad. Chombo hicho kilianza kuuzwa Aprili 2010 bila simu na bila hata kamera. Kilikuwa na barua, kalenda na anwani, na kwa dola 9.99 moja moja mtu aliweza kujiongezea programu ya kuandikia au ya kupigia hesabu. Katika siku 80 vikauzwa milioni tatu. Tusijidanganye kwamba wote wale walikuwa wakipiga hesabu. Wengi walikuwa wakitazama picha na kucheza. Lakini jambo moja ni dhahiri: hakuna aliyekikataa kwa sababu hakupigi simu. Simu walikuwa nayo mfukoni.

Basi tukitazama nyumbani kwetu Afrika Mashariki, ushahidi mkubwa kuliko wote hatuhitaji kuutafuta Finland wala Kanada. Machi 2007, miezi minne kabla Skype haijaingia katika N800, Safaricom ilifungua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Tanzania. M-Pesa ni nini? Ukiivua mapambo yake yote, ni leja. Ni daftari la hesabu lililofichwa ndani ya menyu ndogo ya laini ya simu: nani ametoa, nani amepokea, kiasi gani, siku gani, saa ngapi, na salio ni nini. Haikuwa na kioo cha rangi wala kamera. Mpagazi, muuza samaki na mwalimu wa kijijini, ambao mabwana wa biashara za simu waliwadhania kuwa ni watu wa maongezi tu, walipopewa programu ya kazi katika simu za bei rahisi kabisa waliipokea kwa mikono miwili, kwa kasi iliyowashangaza hata waliowaletea. Hao ndio waliojibu swali letu, nao walilijibu bila kuulizwa.

Wako watakaosema: kwa mtu wa kawaida maongezi ndiyo kazi yenyewe. Fundi hupata kibarua kwa kupigiwa simu. Dalali huishi kwa ulimi. Muuza mboga huulizia bei ya sokoni kabla hajapakia. Neno hili ni la kweli, wala hatulipingi. Lakini mtu huyo simu anayo tayari, ndogo, ya bei nafuu, betri yake yadumu. Asichokuwa nacho ni kitu cha kumkumbusha kesho kilichosemwa leo. Ugomvi mwingi katika vyama vyetu vya ushirika, kama tunavyosikia mikutanoni, si kwamba watu hawakuzungumza. Walizungumza mno! Huyu asema alipima magunia manane, yule asema saba. Huyu adai bei ya mwanzo wa msimu, yule ya mwisho. Na stakabadhi ama imeloa ama haikuandikwa. Kumpa karani wa mizani chombo cha kuonea uso wa mwenyekiti hakupunguzi ugomvi huo hata kwa gunia moja. Kumpa daftari la hesabu lisilofutika ovyo, lenye tarehe na jina la aliyeandika, na nakala ya kukaa kwa mkulima mwenyewe, hilo huupunguza.

Tanzania tulikwisha kuiona kazi ya namna hii. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Makarani walikwenda navyo nyumba kwa nyumba, mjini na porini, na mwisho wa hesabu tukaambiwa kwamba sisi ni watu 61,741,120. Chombo kilikuwa na kazi moja iliyojulikana, programu moja iliyotangulizwa mbele ya zote, na karani aliyefunzwa kuitumia. Kisha ikaamuliwa, nasi tuliona ni uamuzi wa busara, kwamba vishikwambi vile visioze ghalani bali wapewe walimu.

Lakini kugawa chombo si kugawa kazi yake. Chombo kile kile, kikiwa mkononi mwa karani wa sensa, kilikuwa na swali la kwanza hadi la mwisho. Mkononi mwa mwalimu chaweza kubaki kioo kitupu, naye atakijaza kwa kile kilicho karibu, nacho ni WhatsApp. Twamlaumu nani? Si mwalimu. Mwalimu ana azimio la kazi, ana andalio la somo la kila kipindi, ana daftari la mahudhurio, ana alama za watoto sitini au tisini wa darasa moja, na yote hayo huyaandika kwa mkono, na mara nyingi huyaandika tena upya mkaguzi akija. Kama programu ya mambo hayo manne haikutangulia katika kishikwambi chake, imekamilika, kwa Kiswahili, na imepangwa hivi kwamba alama aliyoiandika mara moja isiandikwe mara ya pili, basi tumempa mzigo wa tano juu ya ile minne. Hata kulichaji lile jamvi la kioo ni kwa fedha yake.

Hatuna budi pia kuonya juu ya mtego mmoja ulio upande wetu sisi tunaotanguliza kazi. Programu za kazi siku hizi hazinunuliwi, hupangishwa. Microsoft ilipoleta Word na Excel katika iPad, Machi 2014, kusoma kulikuwa bure, lakini aliyetaka kuandika alitakiwa kulipia ada, hata Novemba mwaka ule masharti yalipolegezwa kwa watu binafsi. Chama cha msingi kikiweka hesabu za wakulima wake katika daftari la kupanga, msimu mbaya wa kwanza ukija na ada ikakosekana, kitasimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe kikibisha. Hiyo si tofauti na habari ya Skype. Kwa hiyo tunaposema programu za kazi zitangulie, hatusemi programu zo zote zilizobandikwa neno kazi. PlayBook nayo ilibandikwa neno hilo. Tunasema programu ambazo maandishi yake yamo ndani ya chombo, kwa namna inayosomeka katika kompyuta nyingine, mtandao uwepo usiwepo, ada ilipwe isilipwe.

Simu za intaneti ziwemo. Hakuna asemaye ziondolewe, na katika mafunzo ya mbali, au mganga wa zahanati akitaka kumwonyesha daktari wa mkoa kidonda cha mgonjwa, ni msaada usiokuwa na bei. Ila zije baada, na gharama yake ijulikane mapema, kwa sababu nusu saa ya kuonana nyuso yaweza kula bando ambalo lingetosha kupeleka hesabu za kijiji kwa msimu mzima. Mweka hazina anayepitisha malipo ya bando aulize jambo hilo bila haya.

Katika halmashauri, katika vyama vya ushirika na vya wafanyakazi, wapo wanachama wetu ambao hukaa katika kamati za manunuzi. Muuzaji ajapo mbele yao, kama ilivyo desturi, atawasha kishikwambi na kumpigia mwenzake aliye mbali, uso utatokea umetabasamu, na kamati itafurahi. Twawaomba ndugu hao wamshukuru, kisha wamwambie azime intaneti. Aandike mbele yao mizani ya wakulima kumi au mahudhurio ya darasa moja, akiache chombo kwa katibu, aende zake. Siku ya nne, intaneti ikiwa bado imezimwa, katibu akifungue na kulisoma daftari; kisha alihamishe katika kompyuta ya ofisi ambayo haikununuliwa kwa muuzaji huyo. Likisomeka huko pia, ndipo wazungumze bei.